Nusu jumlisha theluthi: kwa mwanachuo anayeona kozi za ualimu zinaelea hewani

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, shahada ya ualimu, na somo langu la kufundishia ni hisabati. Muhula ujao natoka kwenda mazoezi ya kufundisha. Tumeshasoma saikolojia ya elimu, falsafa, mitaala na mbinu za kufundishia. Sasa tuna upimaji na tathmini. Nafaulu vizuri, lakini nikijiuliza siku ya kwanza darasani nitatumia kipi kati ya hivi, sipati jibu. Waliotutangulia wanasema tukifika shuleni tusahau ya chuoni, walimu wa huko watatufundisha kazi. Je, ni kweli? Na kuna ubaya gani nikiacha kuhudhuria upimaji na tathmini, nikasoma notisi za wenzangu tu, muda huo nikautumia kujiandaa na mazoezi?"

JIBU: Marahaba, mwalimu mtarajiwa. Nianze na hao waliokutangulia, kwa sababu nusu ya wanachokisema ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayofanya ile nyingine iaminike.

Ni kweli hakuna mwalimu anayesimama mbele ya darasa akajiambia, "Hapa sasa nimtumie Piaget," yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi akili ya mtoto inavyokua. Ni kweli pia kwamba kozi nyingi za ualimu zinamweleza mwanachuo habari za mtoto asiyekosea. Nimesahihisha insha za saikolojia ya elimu kwa miaka mingi. Ndani yake mtoto hukua, hupitia hatua, huhamasishwa, hujifunza. Kukosea, hakosei. Mtoto wa namna hiyo sijapata kumwona shuleni, na wewe hutamwona.

Uongo uko kwenye hilo la "watatufundisha kazi". Kazi umeshafundishwa, tena kwa muda mrefu kuliko miaka yako yote ya chuo. Mwanasosiolojia wa Marekani, Dan Lortie, aliandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi anayemaliza sekondari ameshakaa na walimu darasani kwa takribani saa 13,000. Akauita muda huo uanagenzi wa kutazama. Ni uanagenzi wenye pengo kubwa, maana mwanagenzi wa seremala husimama upande wa fundi, akamwona anapima, anasita, anapima tena, ndipo anakata. Wewe ulikaa upande wa madawati. Ulimwona mwalimu akiandika swali ubaoni, hukumwona jana yake akilichagua hilo na kuacha mengine matatu. Kwa hiyo ukifika shuleni "ukasahau ya chuoni" hutabaki mtupu. Utabaki na mwalimu wako wa darasa la tano: sauti yake, mwendo wake, na "mmeelewa?" yake.

Nayajua hayo kwa sababu yalinikuta. Kipindi changu cha kwanza cha mazoezi kilikuwa cha kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Andalio la somo nilikuwa nalo, safi, limenyooshwa kwa rula. Kipindi cha dakika 40 nikakimaliza kwa dakika 22. Nikageuka nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo!" Nikaandika ubaoni 1/2 + 1/3, nikawaambia wafanye kwenye madaftari, kisha nikaenda kusimama dirishani kama mtu aliyemaliza kibarua. Madaftari yalipofika mezani, zaidi ya nusu yao walikuwa na jibu moja: 2/5.

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Niliweka alama ya kosa kwenye kila daftari, nikarudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Itazame hiyo 2/5 kwa karibu. Mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi, 1 na 1, akapata 2. Asili kwa asili, 2 na 3, akapata 5. Huo si uvivu wala uzembe. Mtoto huyohuyo akipata swali 1 kati ya 2 kwenye jaribio la kwanza, na 1 kati ya 3 kwenye la pili, jumla yake ni 2 kati ya 5, na hakuna mwalimu atakayembishia. Njia anayoijua ni sahihi mahali pengine, ila ameileta mahali isipofaa. Kwenye majaribio anaunganisha mafungu mawili, la maswali mawili na la maswali matatu. Kwenye sehemu anatakiwa akate kitu kilekile kimoja. Kosa la aina hiyo haliponi kwa kupandisha sauti. Linahitaji swali: "Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, sasa una 2/5. Hiyo 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu?" Kisha mpe ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 10, apime mwenyewe. Nusu itamfikisha sentimita 5. Mbili ya tano itamfikisha 4. Ukisubiri bila kumsaidia, atainua uso akuambie, "Mwalimu, imepungua!" Kuanzia hapo anataka kujua imekuwaje, na kigawe kidogo cha shirika (KDS) kinaingia kama msaada aliouomba, si amri iliyoshushwa.

Sasa jiulize, maarifa haya niliyokueleza yako kwenye kozi gani? Si hisabati yenyewe. Mtu anaweza kumaliza shahada ya hisabati, na akafaulu vizuri sana, bila hata siku moja kujiuliza 2/5 inatoka wapi. Si saikolojia yenyewe, kwa sababu saikolojia haijui chochote kuhusu asili na kiasi. Lee Shulman, profesa wa elimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliligusa hili mwaka 1986. Alionyesha jinsi mitihani ya kuwapima walimu ya karne ya 19 ilivyouliza somo karibu peke yake, na ile ya wakati wake ikauliza mbinu za ufundishaji karibu peke yake, na katikati pakabaki shimo. Kilichokosekana ni maarifa ambayo ni mali ya mwalimu peke yake: mada hii inakuwa ngumu wapi, wanafunzi wanakuja na mawazo gani tayari kichwani, mfano upi unaifungua na upi unawapoteza.

Hapo ndipo lilipo jibu la "nitatumia kipi". Utatumia kozi yoyote iliyokusaidia kuona 2/5 inatoka wapi na itolewe vipi. Isiyokusaidia kwa hilo, ipe kiasi chake cha kufaulia mtihani.

Kuanzia wiki hii fungua daftari la makosa. Simaanishi shajara ya tafakuri, zile ambazo wanachuo huzijaza usiku mmoja kabla ya kukusanya. Namaanisha daftari lenye swali, jibu lisilo sahihi kama lilivyoandikwa na mtoto, na chini yake dhana yako kuhusu njia aliyopita. Huna haja ya kusubiri mazoezi. Kaa na mtoto yeyote anayesoma, au muombe mwalimu unayemfahamu madaftari ya zamani. Utampata aliyeambiwa aandike mia tatu na tano akaandika 3005, na ukilisoma jibu lake polepole utaona ameandika alichosikia: 300, halafu 5. Utampata anayesema 0.45 ni kubwa kuliko 0.6, kwa kuwa 45 inaizidi 6. Na utampata aliyeulizwa 6 gawanya kwa nusu akajibu 3. Huyo wa mwisho mhurumie, maana lugha yetu ndiyo iliyomtega. Katika mazungumzo, kukigawa kitu nusu kwa nusu ni kukikata katikati. Hesabu inauliza nusu ngapi zimo ndani ya 6, nazo ni 12.

Halafu nenda na daftari hilo kwenye mihadhara. Mhadhiri akieleza kwamba kwa Piaget mtoto huliingiza jambo jipya kwenye mpangilio alionao, mpaka siku mpangilio huo ushindwe kulibeba, wewe tayari unamwona mtoto wa 2/5 akipeleka kujumlisha alikokuzoea kwenye sehemu, na unauona ukanda wa sentimita 10 ukimshinda. Akifika kwa Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti, kwenye yale ambayo mtoto hayawezi peke yake lakini anayaweza akishikwa mkono, swali la "zaidi ya nusu au pungufu?" ndilo huko kushikwa mkono. Nyoosha kidole uulize: "Mwalimu, mtoto ameandika 3005. Nadharia hii inaniambia nimuulize nini?" Wapo wahadhiri watakaofurahi. Wapo watakaoona unawachokoza. Uliza tu.

Falsafa na historia ya elimu sitakudanganya, kwenye mazoezi hazitakusaidia sana. Zinakuja kudai nafasi yake baadaye kazini, siku utakapoambiwa uwaondoe wasiofaulu ili wastani wa shule upande, ukatakiwa useme kwa nini hapana.

Lakini nahisi kinachokunyima usingizi si 2/5. Ni kelele. Kila mwanachuo ninayemsindikiza kwenda mazoezi anauliza juu ya nidhamu kabla ya kuuliza juu ya somo, na simlaumu. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, aliiona hatari hii mwaka 1904. Alisema mtoto ana usikivu wa aina mbili, wa nje na wa ndani: wa nje ni mgongo ulionyooka na macho ubaoni, wa ndani ni akili inayofanya kazi. Mwalimu anayesukumwa darasani kabla hajajifunza kuuona ule wa ndani hujizoeza kuulinda ule wa nje tu, kwa sababu ndio unaoonekana, na anaweza kuendelea hivyo mpaka kustaafu.

Kuhusu kelele zenyewe, kuna utafiti wa mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Kounin, aliouchapisha mwaka 1970. Alitazama madarasa yaliyorekodiwa kwa video, na moja ya mambo aliyotaka kujua ni walimu wanaolimudu darasa wanakemeaje. Akakuta namna ya kukemea haiwatofautishi na wengine. Kilichowatofautisha kilitokea kabla ya kukemea: walionyesha kwamba wanaona kona zote, somo lilikwenda bila mashimo, na kila mtoto alikuwa na jambo la kufanya. Kumbuka zile dakika 18 nilizobakiza mimi. Kama kuna kelele zilizozuka siku ile, zilizuka humo, na mwenye kuzizusha ni aliyekuwa amesimama dirishani.

Mwalimu mwenyeji utakayepangiwa usimpuuze, na usimwabudu. Anajua mengi kuliko anavyoweza kuyasema, kama mtu anayejua kuogelea lakini ukimwomba akueleze anaishia kupunga mikono. Wiki ya kwanza omba kukaa darasani mwake, na usikae nyuma kabisa. Nyuma utaona visogo. Kaa pembeni karibu na mbele, uone nyuso na mikono. Chagua wanafunzi watano tu, uandike wanachofanya wakati mwalimu anazungumza. Kipindi kikiisha usimuulize, "Mwalimu, unalidhibitije darasa?" Atakujibu kwa methali. Muulize kuhusu tukio moja ulilolishuhudia. Mwanachuo wangu mmoja alimuuliza mwenyeji wake kwa nini alimwita yule wa dirishani wakati wengi walikuwa wamenyoosha mikono. Mama yule akajibu, "Yule amefuta jibu lake mara tatu. Anayefuta mara tatu anakaribia." Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha mbinu ninachokijua, na mwenyewe hakudhani kama ni jambo la kufundishwa. Alidhani kila mtu huona.

Akikuambia "sahau ya chuoni", itikia kwa adabu, kisha muombe umsaidie kusahihisha madaftari. Mtu mwenye madaftari arobaini mezani hakatai msaada, na hapo ndipo daftari lako la makosa litakaponenepa.

Tuje kwenye andalio la somo. Tuseme ukweli, wengi huliandikia msimamizi. Kuna safu ya shughuli za mwalimu, imejaa vitenzi: kuongoza, kubainisha, kufafanua. Kuna safu ya shughuli za mwanafunzi, na humo mwaka hadi mwaka husoma maneno yaleyale: "kusikiliza na kujibu maswali". Safu hiyo ndiyo yako. Andika jibu lisilo sahihi unalolitegemea na swali utakalolirudisha: "Baadhi wataandika 2/5, nitauliza, ni zaidi ya nusu au pungufu?" Hujavunja utaratibu wowote wa fomu. Msimamizi aliyechoka ataipita mistari yote mingine bila kusoma, hapo atasimama.

Kabla hujaondoka chuoni, fanya ufundishaji mdogo kwa namna yake ya asili. Ulianza Stanford mwaka 1963, Dwight Allen na wenzake wakiuongoza: somo la dakika chache, wanafunzi wachache, linarekodiwa, linatazamwa, linajadiliwa, kisha linafundishwa upya. Vyuo vingi vimebakiza mwanzo na kupoteza mwisho. Mnafundishana wenyewe kwa wenyewe, wenzako wanajifanya watoto, wanajibu vizuri mno, mnapigiana makofi, anaingia mwingine. Kurudia hakuna, na mtu mzima anayejifanya mtoto hajui kukosea kitoto. Dawa ninayoitumia ni ndogo: wape wenzako vikaratasi kutoka kwenye daftari lako. "Wewe ni 2/5. Usikubali kirahisi." "Wewe ni 3005." Rekodi kwa simu, fundisha, tazama, rudia kesho yake.

Unapotazama, usitazame mambo kumi. Hesabu sekunde tu, kuanzia ulipomaliza kuuliza mpaka uliposema tena. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alikuta kwamba walimu husubiri takribani sekunde moja kisha wanajibu wenyewe, wanarudia swali au wanamrukia mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Unaweza kuona ni jambo dogo mpaka ulijaribu. Sekunde 3 za kimya mbele ya watoto arobaini ni ndefu kuliko unavyodhani. Mimi huzihesabu kwa vidole, mikono ikiwa nyuma. Na kuna kimya cha pili, baada ya mtoto kujibu, ambacho karibu wote hukisahau. Hapo ndipo mtoto husema, "Hapana, subiri kwanza mwalimu..."

Sasa hiyo kozi ya upimaji na tathmini unayotaka kuikimbia. Mwenzangu, katika kozi zako zote ndiyo iliyo jirani zaidi na 2/5, ila imevishwa nguo za fomula, ndiyo maana hukuitambua. Chukua swali moja la kuchagua: 1/2 + 1/3 ni ngapi? A: 2/5. B: 5/6. C: 2/6. D: 1/6. Jibu ni B. Wa A unamjua. Wa D amezidisha badala ya kujumlisha. Wa C ametafuta KDS, akapata 6 sawasawa, kisha akasahau kubadili kiasi, akajumlisha 1 na 1 vilevile. Sahihisha kwa kuhesabu herufi. Kama A ni nyingi, kesho unarudi na kanda za karatasi, unaanza upya. Kama ni C, dakika tano za ubaoni zinatosha na mnaendelea. Ukiwapa wote sifuri na kuwaita "walioshindwa", utawarudishia wote somo lilelile, na nusu yao hawakulihitaji.

Kujua kutunga A, C na D za aina hiyo ndilo jambo utakaloenda nalo shuleni. Notisi za mwenzako zitakuambia kwamba majibu yasiyo sahihi sharti yavutie. Hazitakuwa na ile nusu saa ya semina ambapo mnabishana ni mtoto gani angechagua C na kwa nini. Kwa hiyo semina hudhuria, tena na daftari lako. Mihadhara ya kukokotoa wastani na mkengeuko, wewe mtu wa hisabati, hiyo chukua notisi za mwenzako.